Kanuni Niliyoiongeza

Homa Bay, Jumatatu 10 Machi 2025

Mvua imeanza leo alasiri na stima ikapotea papo hapo, kama kawaida yake. Mwaka jana nilianza kuandika shajara ya muhula nikachoka kabla ya wiki kuisha. Tuone safari hii.

Kwa atakayeiokota: mimi ni Zablon Maroa, Mkuria wa upande wa Kehancha, mwalimu wa fizikia ya nadharia katika chuo kidogo ambacho nusu ya wanafunzi walitaka uuguzi wakakosa nafasi. Kazi ninayoipenda, ile nisiyolipwa, ni mpangilio wa matukio: tukio gani linaweza kusababisha lipi, na lipi haliwezi kamwe. Nikiwaeleza watu hivyo huniuliza kama ninaweza kutengeneza redio. Siku hizi sielezi.

Ijumaa 14 Machi

Mvua. Mwenye nyumba ameahidi kuziba paa. Aliahidi hivyo hivyo Novemba.

Jumatano 19 Machi

Valary amenivamia ofisini. Anafundisha kompyuta, ana maneno mengi, na kicheko chake kinasikika hadi maktaba. Ameunda programu ya mantiki. Unaipa kauli: huyu ni mwana wa yule, yule alifariki mwaka fulani. Unaipa kanuni. Kisha unaiuliza swali, nayo haibahatishi. Ama inathibitisha, ama inasema imeshindwa. Baraza la wasuluhishi kule Rangwe limekubali kuijaribu katika kesi moja ya shamba, ili wajue maneno ya ndugu yanagongana wapi. Anataka nizikague kanuni zake.

"Daktari, wewe unapenda sana makosa ya watu," aliniambia. "Njoo utafute yangu, chai juu yangu."

Kesi yenyewe ni hii. Zadock, mkulima wa Rangwe, alifariki mwaka 1994. Aliacha mjane, Roseline, na mabinti watatu ambao sasa wameolewa. Yupo pia Paul, fundi wa pampu za maji, anayeishi pale kwa mama yake, Roseline, pamoja na mkewe Mourine na mtoto wao. Mabinti wamesema wazi kwamba sehemu yao ya shamba ni ya ndugu yao. Mdogo wake Zadock, Mwalimu Chrispine, mstaafu, anasema hawana ndugu. Paul akiwa mwana wa Zadock, atajenga boma lake humo. Asipokuwa, mama atabaki hadi siku zake ziishe, lakini Paul na mkewe watatoka, na ardhi itaenda kwa Chrispine.

Nilimwambia Valary swali ni rahisi, ni watu tu wanaolirefusha.

Alhamisi 27 Machi

Nimezisoma kanuni za Valary. Ni safi kuliko nilivyotarajia, ingawa sikumwambia. Kasoro ni moja: hazijui wakati. Kwa kanuni zile mtu angeweza kuzaliwa kabla ya babu yake na mashine isishtuke. Nikaongeza mstari mmoja: baba sharti azaliwe kabla ya mtoto, na hakuna awezaye kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sababu kwanza, matokeo baadaye. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Valary aliutazama mstari ule akikuna kichwa. "Sijui, Daktari. Huku kwetu..."

"Huku kwenu matokeo huja kabla ya sababu?"

Akacheka, akauacha.

Jumatano 2 Aprili

Darasani, nambari changamano. Nimewaonyesha jinsi hesabu ya mawimbi inavyokwama ukibaki kwenye nambari za kawaida, na inavyofunguka ukikubali kipeuo cha pili cha hasi moja. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Lakini sir, hiyo nambari haiko."

"Haiko," nikamjibu. "Lakini jibu liko. Pita nayo njiani, mwisho mtaachana."

Wakaandika. Wanaandika chochote.

Alhamisi 3 Aprili

Mvua ya mawe. Mwenye nyumba hapokei simu.

Jumanne 8 Aprili

Rangwe, ofisi ya chifu. Mwenyekiti wa baraza ni Mzee Bogonko, Mkisii mwenye duka la mbao, aliyechaguliwa kwa kuwa pale si shemeji wala binamu wa mtu yeyote. Mwalimu Chrispine alikuja na koti na tai. Roseline alikaa na binti zake. Paul, mwanamume mkubwa asiyependa kusema, alisimama mlangoni akitazama mvua.

Bogonko alichukua kauli moja moja, na Valary akaziingiza. Kila aliyeulizwa baba ya Paul ni nani alijibu Zadock: majirani, mabinti, hata mke wa Chrispine mwenyewe, ambaye alitazamwa vibaya na mumewe. Zadock kafa lini? 1994. Paul kazaliwa lini? 1998. Hayo pia walisema bila kupepesa macho, kana kwamba hawaoni shida yoyote. Nilidhani nimesikia vibaya.

Valary akaiuliza mashine: Paul ni mwana wa Zadock? *Imethibitishwa.* Roseline akafumba macho. Valary, kwa mazoea yake, akauliza kinyume: Paul si mwana wa Zadock? *Imethibitishwa.* Chrispine akapiga meza. Nikamwambia Valary ajaribu upuuzi wowote, nami nilijua kitakachotokea. Akauliza: Mwalimu Chrispine ni mwana wa Paul?

*Imethibitishwa.*

Ofisi nzima ilivunjika mbavu. "Ai yawa!" alilia mama mmoja akijifuta machozi. Bogonko akasema mashine yetu ni kama mwanasiasa, kila anayeuliza anaambiwa ndiyo.

Nikasimama kueleza. Katika mantiki, ukikubali jambo na kinyume chake kwa pamoja, huna tena njia ya kukataa lolote; kila kitu kinathibitika. Mle ndani kulikuwa na kauli kwamba Zadock ni baba ya Paul na kanuni kwamba hawezi kuwa. Lazima kimoja kitoke. Kanuni ni ya ulimwengu mzima, nikasema, kauli ni ya midomo tu. Nikaifuta kauli. Mashine ikatulia na kujibu kama mtu mwenye akili: *Paul, mwana wa Zadock: haithibitiki.*

"Huyu daktari," Chrispine alisema, "ndiye mtu wa kwanza kusema ukweli katika jambo hili tangu kaka yangu azikwe."

Nakiri nilifurahi. Bogonko amepanga kikao cha mwisho tarehe 21 Mei. Nilipotoka Paul hakuwa mlangoni. Alikuwa chini kwenye tope, akimsaidia mtu kusukuma pikipiki niliyokuja nayo, iliyokuwa imeteleza, itoke mtaroni.

Jumatano 9 Aprili

Mvua. Nimesahihisha karatasi. Mbaya, zote.

Jumanne 15 Aprili

Roseline alikuja chuoni. Nilijiandaa kwa kilio, hakulia. Alikaa, akapanga leso yake magotini, akanieleza kwa Kiswahili cha sokoni, akitafuta maneno polepole.

"Nilipofiwa sikuolewa tena. Sisi Waluo tunasema *chi liel*, mke wa kaburi. Mimi bado ni mke wa Zadock, leo hivi tunaongea. Huyo mvuvi wa Takawiri aliyekuwa anakuja, alijua anaingia nyumba ya nani. Hakuleta ng'ombe wa mahari kwetu. Mtoto ni wa mwenye nyumba."

"Mama, desturi naielewa. Lakini mashine inahesabu miaka."

"Sawa." Hakubishana. Alikunywa chai yake hadi mwisho, na kwa heshima tu, kama watu wanavyoulizana wakikaribia kuagana, akasema, "Na wewe mwanangu, baba yako yuko?"

"Hapana, Mama."

"Woi, pole. Alikufa lini?"

"Zamani."

Akanipa pole tena, akaenda zake.

Nimemdanganya mama wa watu. Baba yangu hakufa. Sina hamu ya kuliandika hilo leo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili. Nyumbani, Kuria

Mvua huku ni nyembamba, ya kudondoka tu. Nimekuja na tarakilishi na programu ya Valary ndani yake, na kwa kuwa hakuna anayenitazama isipokuwa mbuzi, nitaliandika.

Bibi yangu, Robi, hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na ng'ombe na alikuwa na shamba, na hakutaka nyumba yake izimike. Basi akafanya wanavyofanya akina mama wa kwetu walio katika hali yake: akatoa ng'ombe, akaoa msichana. Kwetu huitwa nyumba ntobu. Hakumwoa kwa ajili yake mwenyewe. Alimwoa kwa ajili ya mwana ambaye hakuwahi kumzaa. Mwana huyo akampa jina, Maroa. Msichana aliyeolewa ni mama yangu. Yule aliyelala naye hadi nikapatikana hakutajwa, na hakuna aliyemtafuta. Mimi ni mwana wa Maroa, mume wa mama yangu, mtoto wa Robi, mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani hata siku moja.

Hakuna aliyenicheka utotoni. Fomu ya shule iliuliza jina la baba, nikajaza Maroa. Ikauliza kazi yake, nikajaza mkulima.

Leo nimetuingiza wote kwenye mashine. Robi, mama, mimi. Maroa: kuzaliwa, hakuna, kufa, hakuna. Kauli ya midomo kwamba ni baba yangu nikaiacha nje, kama nilivyoifuta ya Paul. Kisha nikauliza baba ya Zablon ni nani. *Haithibitiki.* Nikauliza kama Zablon ni wa nyumba ya Robi. *Haithibitiki.* Mimi ndiye niliyeandika kanuni, kwa hivyo sikuwa na wa kumlaumu. Nilikaa pale nikaiuliza tena, mimi mtu mzima mwenye shahada tatu, kana kwamba itabadilisha moyo.

Nimeumia. Naliandika wazi kwa sababu nimezoea kudai kwamba mambo haya hayanigusi.

Na hasira nayo imekuja, kwa kuchelewa. Mbele ya darasa naapa kwamba kitu kisichokuwepo kinaruhusiwa mradi hesabu itoke sawa. Ya bibi ilitoka sawa. Shamba lina mwenyewe, kaburi lake linapaliliwa, mama yangu ana mlango wa kuufunga. Nilimruhusu msichana wa nyuma apite na nambari isiyokuwepo, nikamkatalia Roseline mume aliyekuwepo kabisa, mwenye kaburi na majirani.

Mama alipita na ungo wa mahindi. "Umeikalia hiyo kompyuta kama umefiwa."

"Ninafanya hesabu, Mama."

"Hesabu ya nini?"

"Ya nani ni nani."

"Hiyo tuliimaliza kabla hujazaliwa," alisema. "Leta kuni kabla hazijalowa."

Alhamisi 24 Aprili

Nimemwambia Valary aitoe kanuni yangu. Nilimweleza na sababu, Maroa na yote. Nilitarajia acheke. Hakucheka, alifunga mlango wa ofisi, akakaa.

"Pole, Daktari. Lakini siwezi kuitoa kimya kimya. Mwalimu Chrispine ameishika kama Biblia. Tukiitoa sasa atasema mama Paul ametununua."

"Basi?"

"Basi tuitumie vizuri. Kanuni ni ya wote ama si ya mtu. Nipe muda niingize ukoo wao mzima kutoka juu, si Paul peke yake. Tuone itakata wangapi."

Kwa muda wote huu nilimchukulia kama mtu wa kelele tu. Nimelijua leo kosa hilo, na sina haraka ya kumwambia.

Jumanne 6 Mei

Mvua kubwa, barabara ya Rangwe imekatika mahali. Valary huenda kwa miguu kuongea na wazee. Anasema hawakumbuki miaka, wanakumbuka njaa na nzige, naye anazigeuza kuwa miaka. Amerudi na viatu mkononi.

Jumatano 7 Mei

Paa limezibwa. Sasa linavuja upande wa pili.

Jumatano 21 Mei

Kikao cha mwisho. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana ndiyo kazi yangu.

Bogonko alifungua kwa maombi, kisha akasema baraza halitaki maneno mapya, linataka kumaliza. Chrispine alisimama na tai yake. Aliongea vizuri, miaka ya ubaoni haipotei. Alisema hana ugomvi na shemeji yake. Alisema yule mvuvi wa Takawiri yu hai, na Paul aende kwa baba yake kama kila mtoto. Akamgeukia Paul. "Unamjua?"

"Namjua," Paul akasema. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake. "Ni mtu mzuri. Lakini baba yangu analala pale nyumbani. Kaburi lake mimi ndiye niliyelipiga sakafu. Wewe ulikuja kula."

Kelele zilizuka, Bogonko akapiga meza. Nikaomba kusema.

Nikawaambia kwamba kanuni ile ni yangu, si ya mashine na si ya Valary. Kwamba katika elimu yangu ni ya kweli: mtu hawezi kumtia mtu mimba akiwa kaburini. Lakini baraza halikuuliza nani alitia mimba. Liliuliza nani ni baba, nami nilijibu swali jingine kwa sauti kubwa. Halafu nikawaambia habari za Maroa. Niliwaeleza Robi na ng'ombe wake, na mwana ambaye hakuzaliwa, na mimi. Mama mmoja wa benchi la mbele akaitikia "eee" taratibu, kama mtu anayesikia habari za jirani. Wengine hawakushangaa hata kidogo, na hilo lilinishangaza mimi.

Chrispine hakukaa chini. "Hayo ni ya Wakuria. Hapa ni Rangwe. Na kwa hivyo, Daktari, wewe mwenyewe huna baba, sivyo? Mtu asiye na baba ndiye atakayetuamulia? Mimi nasimama na mashine. Iulizwe!"

"Iulizwe," Bogonko akasema, amechoka.

Valary alikuwa amemaliza kuingiza ukoo asubuhi ile ile. Akabonyeza. Nilikuwa pembeni yake na niliona jibu kabla ya mtu mwingine yeyote. Waliokosa baba kwa kanuni yangu hawakuwa Paul tu. Juu zaidi alikuwepo Ogutu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya yule aliyeitwa baba yake kufariki, wakati wa nzige. Ogutu ndiye aliyewazaa Zadock na Chrispine. Kwa kanuni ile Ogutu hakuwa mwana wa mtu katika ardhi hiyo, na chini yake hakuna aliyekuwa na haki hata ya mgomba: si Paul, si Zadock kaburini, si Chrispine na tai yake.

Valary alinitazama. "Nisome?" alininong'oneza.

Nilitaka asome. Dakika moja iliyopita mtu yule alikuwa ameniambia sina baba mbele ya chumba kizima. Ningeisoma mwenyewe kwa furaha, herufi moja moja. Lakini wazee wale wa mbele walikuwa wameinamisha vichwa, wote kwa pamoja, na nikaelewa kwamba wanalijua. Rangwe yote inalijua. Walimwacha aongee tangu Machi, na hakuna hata mmoja aliyemrushia neno hilo usoni.

Nikaichukua tarakilishi, nikaizungusha, nikaiweka mbele ya Chrispine peke yake.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akasoma tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hakuna aliyeweza kunong'ona.

"Mashine yenu imeharibika," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu," nikamjibu. "Imeharibika."

Nikaifunga. Bogonko akauliza tunafanyaje basi. Chrispine akasema, akitazama meza, tuendelee walivyoendelea wazee wetu.

"Yaani?"

"Yaani mtoto ni wa nyumba."

Bogonko hakumwuliza zaidi. Aliamua pale pale: Paul ni mwana wa Zadock, shamba ni lake. Roseline hakupiga vigelegele. Alijifunika uso kwa leso na mabega yake yakatikisika, na binti zake wakamzunguka.

Alhamisi 22 Mei

Valary ameandika upya: baba ni yule ambaye nyumba ni yake. Ya kwangu imefutwa. Tumekunywa chai, nimelipa mimi. Nikamwambia kanuni zake zilikuwa safi tangu mwanzo. Kicheko chake kilisikika hadi maktaba.

Jumamosi 14 Juni

Mvua inaisha, asubuhi ni baridi na umande. Roseline alitualika mimi na Valary, na tulisimama nje ya ua, kwa sababu hili ni jambo la familia. Leo Paul ametoka kwa mama yake kwenda kuanzisha boma lake ndani ya shamba la Zadock. Kwa Waluo haendi peke yake. Baba ndiye anayemwonyesha mahali, na baba akiwa amefariki, ndugu ya baba husimama badala yake. Zadock ana ndugu mmoja tu.

Chrispine alifika kabla ya jua, kwa gumboti, bila tai. Alikuja kwanza pale tulipokuwa.

"Shuleni waliniita mjukuu wa kaburi," aliniambia bila salamu. "Nikipata namba moja, mjukuu wa kaburi. Nikipata ualimu, hivyo hivyo. Nilidhani kompyuta itanitoa huko."

Nilimwambia mimi nilijaza mkulima. Hakuelewa, lakini alinipa mkono.

Kisha wakaanza kupanda: mzee mbele, Paul nyuma yake na jogoo kwapani, mtoto na shoka, Mourine na moto kwenye chungu. Njia ilikuwa tope tupu. Katikati ya mwinuko gumboti la mzee liliteleza, akapiga goti. Paul aliruka akamdaka kwa mkono mmoja, jogoo akipiga kelele katika mkono mwingine.

"Polepole, baba," akamwambia.

Chrispine alibaki amepiga goti kidogo. Tulimsikia akihema. Halafu akauegemea mkono wa Paul, akainuka, na hakuuachilia hadi wakafika juu.